Ole, Meneja Tuliyemfuta Kazi

Bwana Ole alikuja Voi kwa sababu ya kidole-tumbo. Hakuja kuhubiri, hakuja kutawala, wala hakuja kupiga picha na ndovu aliyemuua. Alikuwa fundi wa injini katika meli ya mizigo ya kwao Denmaki. Meli ilipotia nanga Kilindini mwaka wa 1951 tumbo lilimshika, akapasuliwa hospitalini, na alipopata fahamu meli ilikuwa imekwenda zake na nguo zake zote. Akabaki Mombasa na pajama za watu na umri wa miaka thelathini na minane. Shamba moja la mkonge nje ya Voi lilikuwa likitafuta fundi wa korona, ile mashine kubwa inayokamua majani ya mkonge zikabaki nyuzi. Akapanda treni akaja.

Jina lake la pili lilikuwa na herufi ambazo taipureta ya ofisi haikuwa nazo, kwa hiyo karani aliliacha. La kwanza ndilo lililotupa taabu. Sisi Wataita wa milimani tumelelewa kanisani, na kanisani ukisikia neno "ole" ujue kuna mtu anakwenda motoni. Wamasai waliopita kuuza mbuzi nao walimwuliza yeye ni ole nani, mtoto wa nani. Alipowajibu kwamba yeye ni Ole tu, walimhurumia kwa kukosa baba.

Mimi ninaitwa Donald, mtu wa Ronge huko milimani. Miaka hiyo nilifanya kazi kwenye brashi, pale nyuzi zilipopigwa mpaka zikang'aa, na jioni nilikuwa wingi wa kushoto wa timu ya mpira ya shamba. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Mengine niliyasikia kwa Mama Mable, aliyekuwa na hoteli ya chai mtaa wa Kaloleni pale Voi. Jina lake la ubatizo lilikuwa Tryphena, lakini aliyethubutu kumwita hivyo ni kasisi peke yake, na yeye pia alitazama chini.

Mwaka wa 1953 nchi ilikuwa katika hali ya hatari, na Bwana Mkubwa, yaani meneja wa shamba, alianza kuogopa wanaume watatu wowote waliosimama pamoja. Akatoa amri kwamba wafanyakazi wasikusanyike baada ya kazi bila Mzungu wa kuweka sahihi na kukaa nao. Wanaume kumi na mmoja wenye kaptura ni mkusanyiko. Kwa hiyo timu ikahitaji Mzungu.

Wazungu wa shamba walikuwa watano. Mmoja alikuwa na ugonjwa wa miguu, wa pili alikuwa na mke, wa tatu alikuwa na wiski, na wa nne alikuwa Bwana Mkubwa mwenyewe. Siku walipokutana kuamua jambo hilo, Ole alikuwa amelala chali chini ya korona akikaza nati. Alipotoka, uso umejaa grisi, aliambiwa ameshakuwa meneja wa mpira. Akauliza mpira gani.

Ukweli ni kwamba hakuwahi kucheza. Baba yake alikuwa fundi wa mapipa ya siagi katika kijiji cha watu wa ng'ombe, na vijana wa kwao walifundishwa mazoezi ya viungo: kuruka, kujipinda, kutembea kwa mikono. Mechi za mpira alikuwa ameona mbili maishani, na katika moja ya hizo ilinyesha mvua akaenda nyumbani.

Sisi hatukuyajua hayo. Tulidhani Mzungu huzaliwa anajua mpira, kama anavyozaliwa anajua kutoa amri. Kepteni wetu Mutiso, Mkamba wa Kaloleni aliyeendesha ile injini ndogo ya kuvuta matroli ya mkonge kutoka mashambani, alimpokea kwa heshima zote. Heshima hizo zilidumu siku nne.

Siku ya kwanza Ole alituvua mashati, akatupanga mistari miwili, akatuamuru tuzungushe viuno. Kiwanja chetu kilikuwa kando ya barabara, na wanawake walikuwa wakitoka sokoni. Mama Mable alitua mzigo wake akatazama mpaka mwisho, kisha akamwuliza Mutiso harusi ni ya nani. Wiki ya pili tukatembea kwa mikono. Golikipa wetu Kitheka, mtu mwenye mwili wa kabati, alipinduka akamwangukia fulbeki, na fulbeki akakosa kazi siku tatu.

Mechi yetu ya kwanza chini ya meneja mpya ilikuwa dhidi ya timu ya Reli. Tulifungwa saba. Wakati wa mapumziko Ole alitukusanya, akatutazama mmoja mmoja, akasema kwa Kiswahili alichookota bandarini, "Mpira iko huku. Nyinyi iko kule. Kwa nini?" Lilikuwa swali zuri.

Alikwenda kufikiri, na alifikiri kama fundi. Alichora kiwanja kwa chaki kwenye sakafu ya kiwanda, akampa kila mtu mahali pake kama kipande cha mashine, akakataza mtu kuondoka hapo. Alisema kipande kikitembea, korona inakufa. Mimi mahali pangu palikuwa karibu na mstari wa kushoto. Katika mechi moja mpira haukunifikia hata mara moja, nikazungumza na mama aliyekuwa akiuza ndizi hadi nikajua habari za ukoo wao wote na nani alimwoa nani.

Kwa misimu miwili tulicheza mechi kumi na tisa, tukashinda mbili. Moja ya hizo ilikuwa dhidi ya Wundanyi, ambao lori lao liliharibika Mwatate wakafika watu saba, mmoja wao akiwa dereva.

Mwezi wa Novemba 1955 tulikwenda Taveta tukafungwa sita bila. Baada ya goli la tatu Ole alimtoa Kitheka golini akamweka mbele, na mbele akamtoa mtu akamweka golini, kwa sababu kipande kibovu hujaribiwa mahali pengine. Katika treni ya kurudi Kitheka alikaa ametazama dirisha, na nilimwona akijipangusa macho kwa mkono wa jezi. Hapo ndipo Mutiso aliposema kwa sauti ya chini kwamba Jumapili, watu wakitoka kanisani, tukutane kwa Mama Mable.

Tulikutana. Mutiso alieleza kwamba yule mtu hana ubaya, hajampiga yeyote, hajamtukana yeyote, lakini hajui mpira, na hatajua kwa kutukunja viuno. Akauliza kama timu yaweza kumfuta kazi meneja wake. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusikia Mwafrika amemfuta kazi Mzungu, hatukujua hata inaanzia wapi. Mama Mable, aliyekuwa akiosha vikombe, alisema inaanzia kwa kuinua mkono. Watu kumi na wawili tuliinua. Mmoja alikataa kwa sababu Ole alimpa viatu. Mmoja alikuwa amelala.

Barua niliandika mimi, kwa kuwa nilifika darasa la sita. Nilianza na salamu, nikauliza hali yake ya afya, nikamshukuru kwa kazi nzuri ambayo hakuifanya, kisha nikasema kwamba timu imeonelea aachishwe kazi ya umeneja kuanzia leo, wasalaam. Jumatatu saa sita mchana, korona ilipozimwa kwa chakula, Mutiso alimpelekea. Mimi nilisimama nyuma yake kidogo, si kwa ushujaa, ni kwa sababu nilitaka kujua kama mwandiko ungesomeka.

Ole alifuta mikono, akaisoma barua polepole akifuata maneno kwa kidole. Aliinua uso akauliza, "Aachishwe ni nini?"

"Ni kuambiwa pumzika, Bwana," alisema Mutiso. "Ila usirudi."

Ole akaisoma tena. Masikio yake yakawa mekundu. Nilihesabu moyoni hatua za kufika lango la shamba, maana neno lake moja kwa Bwana Mkubwa lingetosha kuturudisha sote makwetu na mablanketi yetu.

"Meneja sasa nani?"

"Mimi," alisema Mutiso.

"Na sahihi? Bila Mzungu nyinyi hapana kusanyika."

"Sahihi utaendelea kuweka. Utakuja, utakaa kwenye boksi. Lakini hutasema kitu."

Ole alitazama korona yake, akatutazama sisi. Akaikunja ile barua mara nne, akaitia mfukoni, akasema, "Sawa. Boksi gani?"

Jioni ile alikwenda hadi Kaloleni kwa miguu, akasimama mlangoni pa hoteli. Mzungu kuingia hoteli ya chai ya Waafrika lilikuwa jambo la watu kusimamisha baiskeli. Mama Mable alimwambia hana viti vya Wazungu, ana benchi tu. Akakaa kwenye benchi. Akanywa chai ya moto bila kuipuliza, akaungua, akasema kwa Kiswahili chake kwamba hiyo ni mara ya pili. Mara ya kwanza iliondoka meli, sasa imeondoka timu. Yeye analala, akiamka watu wamekwenda.

Mama Mable hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimwuliza, "Wewe uwanjani huwa unatazama nini?"

"Natazama mpira."

"Kama mbwa na nyama," alisema Mama Mable. "Mpira una watu ishirini na wawili wa kuutazama, Bwana. Watazame wale wasio nao."

Habari za kufutwa kwake zilimfikia Bwana Mkubwa baada ya siku chache, kama habari zote za shamba zilivyofika, kwa njia ya mpishi. Alimwita Ole akamwuliza kama ni kweli watumishi wamemfukuza, na nani kiongozi wao. Ole alijibu kwamba ni uongo wa jikoni. Alijiuzulu mwenyewe kwa sababu ya goti. Bwana Mkubwa alimtazama goti.

Tangu siku hiyo ikambidi Ole achechemee kila Bwana Mkubwa alipokuwa karibu. Alichechemea kiwandani, alichechemea ofisini, alichechemea hadi kwenye chakula cha Krismasi. Tatizo lilikuwa kwamba hakukumbuka ni goti lipi. Januari lilikuwa la kulia, Machi likahamia kushoto, na mke wa yule Mzungu wa pili akamletea dawa ya kuchua ya magoti yote mawili kwa tahadhari. Sisi tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Lakini Mutiso hakucheka sana. Alijua goti lile ndilo lililomwacha kazini, juu ya injini yake.

Kwenye boksi tupu la mbao kando ya uwanja Ole alikaa mwaka mzima bila kufungua mdomo, ila kula machungwa. Baadaye alianza kuyamenya machungwa yetu. Baadaye akashona mpira uliopasuka, na alishona vizuri kuliko fundi viatu. Na alikuwa anatutazama. Alitutazama hata kazini, akipita na spana yake anasimama, anatazama mtu anavyoinama, anavyovuta pumzi, kisha anaondoka. Kitheka aliuliza kama mzee anatafuta mke.

Siku moja mwishoni mwa mwaka wa 1956, baada ya mazoezi, alimwendea Mutiso, akavua kofia, akauliza, "Ruhusa kusema?"

Mutiso akafikiri. "Sema. Kwa ufupi."

Alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba tunafungwa magoli yetu mengi katika dakika ishirini za mwisho, na wanaochoka ni wale sita wanaokata mkonge, kwa sababu wameshika panga tangu alfajiri, kisha wanatembea maili nne kutoka shamba la mwisho kuja uwanjani. Wasitembee. Injini ya matroli inarudi kila jioni, iwabebe juu ya mkonge. La pili, kwamba mimi, Donald, sioni vizuri kwa jicho la kushoto. Alikuwa ameona ninavyogeuza kichwa kizima kumtazama mtu upande huo. Mtu wa namna hiyo akiwekwa wingi wa kushoto, mstari wa nje anauona nusu. Nihamishwe kulia.

Jicho langu la kushoto lilipigwa na tawi nikiwa mtoto Ronge, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Niliona aibu, nikakasirika, nikataka kukana. Mutiso aliinua vidole viwili upande wangu wa kushoto akauliza ni vingapi. Nikasema vitatu. Wiki iliyofuata nilicheza wingi wa kulia, na kwa mara ya kwanza maishani niligundua kwamba kiwanja kina upande wa pili.

Toka hapo mambo yalienda hivi: Ole anaona, Mutiso anaamua. Ole akileta maneno matano, Mutiso anayatupa mawili, na Ole hanuni. Kiswahili chake nacho kilikaa sawa kwa sababu alikuwa akijifunzia benchini kwa Mama Mable, mpaka akaanza kupanga maneno kama mtu wa milimani. Watu walisema mengi juu yao wawili. Mama Mable aliulizwa na mwenye duka jirani, akajibu kwamba ameshazika mume mmoja aliyejua kupuliza chai, hana haja ya asiyejua.

Mwaka wa 1957 tuliwatoa Wundanyi, tukawatoa Taveta kwa kona ya dakika ya mwisho, tukaingia fainali ya kikombe cha wilaya dhidi ya Reli, pale pale Voi. Siku mbili kabla ya mechi Mutiso alipata habari kwamba mama yake amefariki. Alipitia kiwandani akiwa amevaa koti la safari, akamwambia Ole, "Jumamosi wewe ndiye meneja."

Ole alisema hawezi. Akasema alishafutwa, na barua bado anayo.

"Ilete siku nikirudi, nitaichana," alisema Mutiso, akapanda treni akaenda kumzika mama yake.

Jumamosi Ole alitapika mara mbili nyuma ya ghala. Nilimshikia kofia. Uwanja ulijaa, Wazungu wameketi kwenye viti chini ya turubai, Bwana Mkubwa akiwa katikati kwa sababu ndiye aliyekuwa atoe kikombe. Hadi mapumziko tulikuwa tumefungwa mbili bila. Tukakaa chini tukingoja hotuba, kila mtu akimkumbuka Mutiso. Ole aligawa machungwa. Akachuchumaa mbele ya Kitheka akamwambia kwamba senta-fowadi wa Reli kila akitaka kupiga hutazama kwanza mahali ambapo hatapiga. Kwangu alisema beki wangu amefunga viatu upya mara tatu, kidole kinamuuma, nimkimbize tu. Kisha akaenda kukaa kwenye boksi lake.

Nilimkimbiza yule beki mpaka leo nikikumbuka ninamwonea huruma. Katika nusu saa nilipeleka krosi mbili, na zote ziliingizwa kwa kichwa na mkataji mkonge aliyefika uwanjani juu ya troli, miguu mipya. Mbili kwa mbili. Kitheka aliokoa penalti kwa kwenda upande ambao mpigaji hakuutazama. Zikiwa zimebaki dakika chache tulipata kona, na mimi niliingia kwenye kundi nikaligeuzia goli mgongo, nikitafuta mpira upande ambao siuoni. Ulinijia huko huko. Ulinipiga tako la kushoto ukaingia wavuni. Wajukuu wangu huambiwa nilifunga goli la ushindi, na hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Refa alipopuliza, Ole aliruka. Alikimbia uwanja mzima akiruka kama swara, akatua mbele ya turubai, na kwa furaha akasimama kwa mikono, miguu yote miwili na magoti yote mawili yakielekea mbinguni mbele ya Bwana Mkubwa.

Bwana Mkubwa alimpa Kitheka kikombe bila kuondoa macho kwenye magoti yale. Mkataba wa Ole ulipokwisha mwaka uliofuata haukuandikwa tena. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba shamba linahitaji fundi mwenye afya nzuri.

Mutiso alirudi kutoka maziko akaikuta timu ina kikombe. Aliidai ile barua, akaichana mbele yetu sote, na Ole akaviokota vipande akavitia mfukoni. Hatukumwuliza ni kwa nini.

Mkataba ulipokwisha, Wazungu wenzake walidhani sasa atarudi kwao. Baba yake alikuwa amemwandikia kwamba karakana ya mapipa inamngoja. Ole alimwonyesha Mama Mable barua hiyo, akamtafsiria. Yeye akamwuliza kama anapenda mapipa. Akasema hapana. Basi, akasema Mama Mable, nenda Mahoo, kule karibu na Taveta kuna maji na wakulima wenye pampu mbovu. Akaenda Mahoo. Alikodi nyumba katikati ya migomba, akatengeneza pampu za watu, na haikupita miezi miwili tukasikia ameonekana na mpira.

Mwaka wa 1959 alileta timu ya Mahoo Voi. Wakulima wa ndizi, wepesi, hakuna aliyesimama mahali pamoja hata dakika. Mutiso alikuwa boksi hili, Ole boksi lile. Walitufunga nne, na mbili kati ya hizo zilipitia upande wangu wa kushoto, maana Ole alijua aelekeze mashambulizi wapi. Nilimwendea mwisho wa mechi nikamwambia kwamba huo si ungwana. Akakubali kwamba si ungwana, akanipa chungwa lililomenywa.

Kisha wao wawili walikwenda kwa Mama Mable, nasi nyuma. Walikaa kwenye benchi wakibishana kuhusu goli la tatu, Mutiso akisema mfungaji alikuwa ameotea, Ole akisema Mutiso alikuwa anatazama mpira. Treni ya Taveta ilipiga filimbi, wachezaji wa Mahoo wakaanza kumwita. Ole alisimama, akakaa tena, akasogeza vikombe vinne na sahani ya mandazi kuonyesha beki alikuwa wapi. Mama Mable akamwambia achague, treni au sahani ile ya mandazi. Treni ikaondoka Ole akiwa macho, bado anatafuta kikombe cha tano cha kuwa golikipa.